Sura ya Sita: Fedha ya Kuhama Huishia Wapi?

Swali ambalo wapangaji wa mijini huulizana kila mwisho wa mwezi ni hili: inakuwaje mtu aliyejibana miezi minane, akatimiza kodi ya nusu mwaka na hela ya gari la mizigo, ajikute siku ya tatu katika nyumba mpya akikopa fedha ya gesi kwa jirani ambaye hata jina lake hajalishika? Jibu linalotolewa haraka ni kwamba maisha yamepanda, na lina ukweli wake, lakini halitoshi, kwa kuwa hata waliohama wakati bei zimetulia walikumbwa na upungufu ule ule. Sababu iliyo karibu zaidi ni kwamba wengi huandaa bajeti ya lori badala ya bajeti ya kuhama. Bajeti, yaani makadirio ya fedha zitakazoingia na zitakazotoka kwa ajili ya shughuli fulani katika muda uliowekwa, huandikwa kana kwamba shughuli yenyewe ni ya siku moja, ilhali kuhama huanza siku mtu anapotoka kwa mara ya kwanza kutafuta chumba, na humalizika pale kaya inapokuwa imekwisha kuishi mwezi mzima mahali papya bila kukopa.

Mfano mkuu wa sura hii ni Dar es Salaam, kwa sababu desturi za upangaji za jiji hilo, ambako kodi hulipwa kwa mkupuo wa miezi mitatu, sita au hata mwaka mzima, hulifanya kosa dogo la hesabu kuwa pengo kubwa la fedha kwa siku moja. Msomaji wa Nairobi au Mombasa, ambako kwa kawaida mpangaji huingia kwa kulipa kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na amana ya mwezi mmoja, atakuta mzigo wake wa mwanzo ni mwepesi zaidi, ingawa mengi yanayofuata baada ya hapo hayatofautiani.

Siku za kulipia nyumba mbili

Gharama ya kwanza ambayo haionekani kwenye daftari la mpangaji ni ile ya kuwa na nyumba mbili kwa wakati mmoja. Tuseme kodi ya nyumba ya zamani inaisha tarehe 31 Desemba, na nyumba mpya imepatikana tarehe 8 Desemba. Mwenye nyumba mpya hatakubali kuiacha tupu kwa ahadi ya mdomo, hivyo atataka mkataba uanze kuhesabiwa siku anapopokea fedha. Mpangaji huyo, pasipo kujua, amenunua siku 23 za kulipia paa mbili, na iwapo kodi ya nyumba mpya ni shilingi 200,000 kwa mwezi, siku hizo zina thamani ya takriban shilingi 150,000, ambayo inaweza kuzidi nauli ya gari litakalobeba vyombo vyake vyote.

Kinyume chake pia hutokea, na hicho kina maumivu zaidi: kodi ya zamani imeisha, nyumba mpya bado ina fundi ndani, na familia inagawanyika, watoto kwa bibi yao, vitu kwenye ukumbi wa rafiki, baba na mama kwenye godoro la kuazima. Hapo gharama haihesabiki kwa shilingi peke yake.

Njia ya katikati ni kuacha siku tatu hadi tano tu za kushika funguo mbili. Siku hizo zina kazi maalumu, kwa kuwa ukuta hupakwa rangi vizuri zaidi chumba kikiwa kitupu, kitasa hubadilishwa bila haraka, na sakafu huoshwa kabla kabati halijawekwa mahali ambapo halitasogezwa tena kwa miaka miwili. Ili kuzipata, mpangaji anapaswa kuzungumzia tarehe ya kuanza mkataba kwa uzito ule ule anaouzungumzia kiwango cha kodi, jambo ambalo wapangaji wengi huliacha kwa sababu ya hofu kwamba nyumba itachukuliwa na mwingine. Wenye nyumba wengi hukubali kutoa siku chache za maandalizi wakiombwa kabla ya fedha kutolewa. Wakiombwa baadaye, huwa hawana sababu ya kukubali.

Upande wa nyumba ya zamani, neno la kuzingatia ni notisi, yaani taarifa ya maandishi ambayo upande mmoja humpa mwenzake kabla ya kuvunja au kutoendeleza mkataba. Mikataba mingi hudai mwezi mmoja, mingine miezi mitatu. Anayeondoka akiwa amebakiza miezi miwili iliyokwisha kulipiwa asitegemee kurudishiwa fedha hiyo, isipokuwa kama mkataba ulisema hivyo, au kama amempata mpangaji wa kuingia mahali pake na mwenye nyumba amemridhia.

Tarehe ya kuhama ina bwana mwingine ambaye ni shule. Mwaka wa masomo Tanzania Bara huanza Januari, na likizo ndefu ni za Juni na Desemba, kwa hiyo familia yenye wanafunzi hupata nafasi mbili tu zilizo nzuri kwa mwaka. Uhamisho wa mwanafunzi wa shule ya msingi hupitia kwa walimu wakuu wa shule zote mbili, kwa kutumia namba ya PREM, ambayo ni namba ya kumbukumbu ya mwanafunzi katika mfumo wa Baraza la Mitihani, na shule inayopokea lazima iwe na nafasi. Mzazi anayeanza kuulizia nafasi baada ya kushusha vitu huweza kujikuta analipa nauli ya mtoto kwenda shule ya zamani, kila siku, kwa muhula mzima.

Kodi ya miezi sita na fedha zinazoandamana nayo

Kodi ya pango, yaani malipo ya kutumia nyumba ya mtu mwingine, ndiyo fungu linalokumbukwa na kila mtu, na kwa sababu hiyo halihitaji maelezo marefu. Kinachohitaji maelezo ni zile fedha zinazoifuata kama mkia.

Ya kwanza ni udalali. Dalali ni mtu wa kati anayemuunganisha mpangaji na mwenye nyumba, na kwa desturi ya Dar es Salaam malipo yake ni kodi ya mwezi mmoja, inayotoka kwa mpangaji. Kabla ya hapo kuna hela ya kuzungushwa, ambayo hutolewa kila anapokwenda kuonyesha nyumba, ipendwe isipendwe. Dalali mwaminifu anafanya kazi halali na anaokoa muda wa mtu asiyekijua kitongoji. Tatizo ni kwamba kazi hiyo haina masharti ya kuingia, kwa hiyo yeyote mwenye simu na picha tano anaweza kujiita dalali. Kuna wanaopeleka wateja kwenye nyumba ambayo hawana ruhusa ya kuipangisha, na kuna nyumba moja inayopokelewa kodi na watu watatu kwa siku moja. Kinga yake ni ya kizamani na bado inafanya kazi: kumwona mwenye nyumba mwenyewe, kumuuliza jirani jina la mwenye nyumba kabla ya dalali kulitaja, kisha kufika ofisi ya serikali ya mtaa au kwa mjumbe wa shina na kuthibitisha. Mpangaji mgeni anatakiwa kujitambulisha huko hata hivyo, kwa hiyo ziara hiyo si hasara ya muda.

Ya pili ni mkataba. Gharama yake ni ndogo, iwe ni fomu iliyonunuliwa dukani au hati iliyoandaliwa na wakili na kushuhudiwa, lakini ndiyo karatasi pekee itakayosimama kati ya mpangaji na hasara. Ikiwa mwenye nyumba anataka amana, ambayo ni fedha inayoshikwa kama dhamana ya uharibifu na kurudishwa mpangaji anapoondoka, mkataba utaje kiasi chake, muda wa kuirudisha na mambo yanayoweza kukatwa humo. Ugomvi mwingi wa amana, Kenya hasa, huhusu rangi: mwenye nyumba anadai kuta zipakwe upya, mpangaji anadai kwamba uchakavu wa kawaida si uharibifu. Picha zilizopigwa siku ya kuingia, za kila ukuta, kila dirisha na sinki la jikoni, na kutumwa kwa mwenye nyumba siku hiyo hiyo kupitia simu, huumaliza ugomvi huo kabla haujaanza.

Fungu la tatu ni dogo na husahauliwa kabisa: makato. Kulipa kodi ya miezi sita kwa njia ya simu ni salama kuliko kubeba mamilioni kwenye daladala, lakini kutuma kuna ada na kutoa kuna ada, na wenye nyumba wengi husema waziwazi kwamba wanataka fedha "pamoja na ya kutolea". Jambo hilo liulizwe mapema.

Kwa kifupi, anayesema nyumba ni ya laki mbili kwa mwezi hajasema bei ya kuingia humo. Bei ya kuingia, kwa desturi ya miezi sita, haipungui miezi saba ya kodi, na kwa kawaida huzidi hapo.

Mita haihami

Umeme wa nyumba nyingi Tanzania hununuliwa kabla ya kutumiwa, kwa utaratibu unaoitwa LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Mnunuzi hutaja namba ya mita yenye tarakimu 11, hulipa, kisha hupokea tarakimu 20 za kuingiza. Mita ni ya nyumba, si ya mtu. Uniti zilizobaki siku ya kuondoka hubaki ukutani, kwa hiyo anayejua tarehe yake ya kuhama hununua kidogo kidogo katika juma la mwisho, na anayeingia hujaribu kununua kiasi kidogo kwa mita mpya kabla hajalipa kodi, ili aone kama kuna deni linalokatwa.

Jaribio hilo linafaa pia kwa sababu ya kodi ya majengo. Tangu mwaka 2021 kodi hiyo imekuwa ikikusanywa kupitia LUKU, na tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida hukatwa shilingi 1,500 kwa mwezi, sawa na shilingi 18,000 kwa mwaka, huku nyumba ya ghorofa ikikatwa zaidi. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, ila anayenunua umeme ni mpangaji, hivyo hukatwa asiyehusika. Nyumba ikikaa tupu miezi minne, atakayenunua umeme wa kwanza anaweza kukuta shilingi 6,000 zimeondoka kabla hajapata uniti. Sentensi moja ndani ya mkataba, inayosema kwamba makato hayo yatapunguzwa kwenye kodi inayofuata, inatosha, na ni haki ya mpangaji kuidai bila kuona haya.

Palipo na mita moja kwa wapangaji wengi pana hesabu nyingine. Mteja wa matumizi madogo, ambaye hazidishi uniti 75 kwa mwezi, hutozwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, wakati mteja wa kawaida wa nyumbani hutozwa shilingi 292. Kaya sita zinazochangia mita moja kwa kawaida huzidi uniti 75, hata kama kila moja ikiwa peke yake isingezifikia. Matokeo yake ni kwamba wenye kipato kidogo, waliokusudiwa kupata nafuu hiyo, ndio wanaoikosa kwa sababu ya namna wanavyoishi. Anayetoka kwenye mita yake na kwenda kwenye mita ya kuchangia aandike matumizi ya umeme yaliyoongezeka, hata kama mazoea yake hayatabadilika.

Maji yanahitaji maswali makali zaidi. Dar es Salaam bili ya maji huja baada ya matumizi, kwa jina la akaunti ya nyumba, kwa hiyo mpangaji anayeingia aombe kuona bili ya mwisho, kwa kuwa deni la aliyeondoka linaweza kumkatia maji aliyeingia. Na neno "maji yapo" halina maana moja. Linaweza kumaanisha bomba linalotoa maji kila siku, bomba linalotoa Jumanne usiku peke yake, kisima chenye maji ya chumvi yanayofaa kufulia tu, au gari la boza linalopita likiitwa. Nyumba isiyo na tangi la kuhifadhia, katika kitongoji chenye mgawo, itaomba mapipa, ndoo na madumu ya lita 20 katika juma la kwanza.

Gari, tripu na watu wa kubeba

Hapa ndipo wengi huanzia, ingawa fedha inayotumika hapa ni sehemu ndogo tu ya jumla. Kaya ya chumba kimoja hubebwa na guta la mota au kirikuu, ambalo ni jina la mtaani la gari dogo la mizigo aina ya Suzuki Carry. Vyumba viwili na sebule huhitaji kenta, lori dogo ambalo kwa aina zinazozoeleka mjini hubeba kati ya tani 2 na 4. Kosa linalogharimu ni kuchagua gari dogo kwa sababu ya bei ya tripu moja, kisha kuhitaji tripu tatu, maana dereva hulipwa kwa tripu na foleni haimhurumii mtu wa tripu ya pili.

Makubaliano na dereva yataje mambo manne kwa pamoja: anakotoka na anakokwenda, idadi ya tripu, nani analipa vibarua wa kupakia na kushusha, na itakuwaje gari likisubiri. Vilevile atajiwe ghorofa, kwa kuwa kushusha jokofu kutoka ghorofa ya tatu kwa ngazi si kazi ya bei ile ile na kulitoa chumba cha uani. Anayehamia Kigamboni aseme mapema kama gari litapita kivukoni au darajani, na tozo itakuwa juu ya nani. Mwisho wa mwezi madereva huwa na kazi nyingi na bei hupanda, hivyo siku ya katikati ya juma, katikati ya mwezi, alfajiri, ni nafuu kuliko Jumamosi ya tarehe 30. Kuhama usiku kunaonekana kunakwepa foleni, lakini lori lenye vitanda saa tano usiku huwatia watu shaka na husimamishwa. Ni heri kuhama mchana, huku mjumbe wa kila upande akiwa na taarifa.

Majira nayo yana bei. Masika huwa Machi hadi Mei, na vuli Oktoba hadi Desemba. Godoro lililolowa njiani halikauki kwa siku moja, bonde la Jangwani likijaa maji njia hufungwa, na mitaa mingi ya pembezoni haiingiliki kwa kenta mvua ikinyesha siku mbili mfululizo. Turubai la kukodi ni hela kidogo ikilinganishwa na godoro jipya.

Ufungaji wenyewe ni kazi ya mikono inayolipa. Sahani za udongo husimamishwa wima ndani ya boksi, kila moja ikiwa na gazeti au kitambaa katikati, na hazilazwi moja juu ya nyingine, kwa sababu zikilazwa ile ya chini hubeba uzito wa zote gari linapoingia shimoni. Kanga na mashuka, ambayo yangebebwa hata hivyo, huziba nafasi zilizobaki na kuokoa fedha ya vifungashio. Skrubu na nati za kitanda hutiwa kwenye mfuko mdogo na kufungwa kwa kamba kwenye ubao wa kichwani, si kuwekwa mfukoni mwa kibarua. Jokofu husafirishwa likiwa wima, na likifika huachwa saa kadhaa kabla ya kuwashwa ili mafuta ya kompresa, mtambo unaosukuma gesi ya ubaridi, yarudi mahali pake. Lililolazwa njiani hupewa muda mrefu zaidi, hata siku nzima. Mtungi wa gesi hufungwa kabisa, hutenganishwa na jiko, na husimama wima mahali penye hewa.

Boksi moja lipakiwe mwisho ili lishushwe kwanza. Ndani yake kuwe na:

- jiko dogo, kiberiti, sufuria moja, vikombe na majani ya chai;
- taa ya kuchaji, chandarua, sabuni na ndoo;
- dawa za anayetumia dawa kila siku;
- vyeti, mikataba, risiti na kadi za kliniki za watoto, ambavyo ni salama zaidi vikibebwa mkononi.

Asiyetenga boksi hilo hula hotelini siku mbili, na chakula cha watu watano kwa siku mbili kinaweza kufikia nusu ya malipo ya vibarua.

Hesabu ya familia moja

Takwimu zifuatazo ni za kubuni kwa ajili ya kufundishia, na kila msomaji aweke bei za mtaa wake. Familia ya watu watano inatoka Sinza, ilikokuwa ikilipa shilingi 270,000 kwa mwezi, na kwenda Kibamba kwenye nyumba ya shilingi 200,000, ili kupunguza matumizi.

- Kodi ya miezi 6: 1,200,000
- Udalali: 200,000
- Kuzungushwa na nauli za kutafuta: 60,000
- Kenta, tripu moja: 130,000
- Vibarua wanne: 60,000
- Maboksi, kamba na mifuko: 25,000
- Kitasa na ufundi mdogo: 60,000
- Rangi ya vyumba viwili: 120,000
- Mapazia na fimbo zake: 90,000
- Umeme, maji na gesi ya kuanzia: 60,000
- Chakula cha siku mbili: 30,000
- Sare na mahitaji ya shule mpya: 80,000

Ukiondoa kodi, jumla ni shilingi 915,000. Juu yake huwekwa fedha ya tahadhari, yaani fungu lisilopangiwa kazi mpaka jambo lisilotarajiwa litokee, na asilimia 10 ya jumla hiyo, yaani shilingi 91,500, ni kiasi cha chini kinachofaa. Jumla kuu ni shilingi 2,206,500. Familia iliyoweka kodi na nauli ya kenta peke yake imeshika shilingi 1,330,000 na imepungukiwa shilingi 876,500, ambazo ni zaidi ya miezi minne ya kodi mpya, wakati kenta lenyewe halifiki asilimia 6 ya jumla yote.

Lakini swali zito ni la baada ya hapo. Familia imeokoa shilingi 70,000 za kodi kila mwezi. Ikiwa baba na mama, ambao bado wanafanya kazi mjini, kila mmoja ameongezewa shilingi 1,200 za nauli kwa siku, kwa siku 26 za kazi, wote wawili wanatumia shilingi 62,400 zaidi kwa mwezi. Nafuu iliyobaki ni shilingi 7,600. Kwa nafuu hiyo, shilingi 915,000 zilizotumika kuhama zitarudi baada ya miezi 120, ambayo ni miaka kumi, na familia hiyo inaweza isiishi hapo hata mitatu. Kuhama kwa ajili ya kupunguza kodi ni uamuzi mzuri pale tu kodi, nauli, maji na shule vinapowekwa kwenye mizani moja. Kodi ikipimwa peke yake, nyumba ya mbali karibu daima itaonekana rahisi, na uongo huo wa hesabu umewatoa wengi mahali palipowafaa.

Mwezi wa kwanza

Gharama za mwezi wa kwanza zina tabia moja: kila moja ni ndogo kiasi cha kutoandikwa. Madirisha ya nyumba mpya hayalingani na ya zamani, kwa hiyo pazia lililofika chini vizuri kule Sinza linaishia nusu ya ukuta, na lililokuwa na upana wa kutosha linaacha mwanya wa kiganja. Neti za madirisha zimetoboka. Soketi ya jikoni haifanyi kazi. Kitasa lazima kibadilishwe, kwa sababu hakuna anayejua funguo za zamani ziko mikononi mwa nani. Kisha kuna mchango wa ulinzi shirikishi, hela ya taka, na duka la jirani ambalo bado halimkopeshi mgeni, jambo ambalo lina uzito mkubwa kwa kaya iliyozoea kuandikiwa sukari na mafuta mpaka mshahara utoke.

Kwa sababu hiyo inapendekezwa kwamba matumizi ya mwezi mzima wa kwanza, chakula, nauli na nishati, yawekwe pembeni kabla ya kodi kulipwa, na yasiguswe hata mwenye nyumba akishinikiza. Wanaocheza upatu, mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu, au walio kwenye VICOBA, yaani vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, wanaweza kuomba zamu au mkopo wao uangukie mwezi baada ya kuhama, si mwezi wa kuhama, ili fedha ile ije wakati pengo linapofunguka.

Na kabla ya kupakia, vitu vipungue. Kitanda kilicholegea na kochi lililopasuka hupata mnunuzi mtaani vinakojulikana, huku kule viendako vitachukua nafasi ya gari na nafasi ya chumba.

Wanaokwenda mkoa mwingine

Safari ndefu hubadilisha mizani, maana nauli ya gari huacha kuwa fungu dogo. Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ni takriban kilomita 450, na lori la kukodi peke yake humtoza mteja kwenda na kurudi hata kama halisemi hivyo. Hata hivyo, malori mengi huleta Dar es Salaam viazi, vitunguu, mahindi na mbao kutoka mikoani, na hurudi matupu au nusu. Dereva anayerudi tupu hukubali bei ndogo zaidi, mradi mteja awe tayari kufuata tarehe yake. Familia yenyewe inaweza kusafiri kwa basi, au kwa treni ya SGR, yaani ya reli ya kisasa, iliyofika Dodoma mwaka 2024, mtu mmoja mzima akitangulia kupokea mzigo.

Waajiriwa wana jambo moja la ziada ambalo wengi hulijua wakiwa wameshachelewa. Mtumishi wa umma anayehamishwa na mwajiri ana posho zake za uhamisho. Kwa mfanyakazi mwingine yeyote, kifungu cha 43 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinasema kwamba mkataba wa kazi ukikoma mahali pasipo alipoajiriwa, mwajiri amsafirishe yeye na mali zake binafsi hadi alipoajiriwa, au alipie usafiri huo, au atoe posho ya usafiri pamoja na fedha ya kujikimu kwa siku anazosubiri kusafirishwa. Wapo wanaouza makochi yao kwa bei ya kutupa ili wapate nauli ya kurudi kwao, wakati nauli hiyo ilikuwa deni la mwajiri. Dai hilo liandikwe kwa barua, nakala ibaki mkononi, na barua iwasilishwe kabla kitanda hakijafunguliwa skrubu.